Kazi Itakuwa Tayari Lini?

Mteja akikuuliza swali hilo una sekunde chache za kujibu, na mara nyingi jibu hutoka kabla hujafikiri. Anakutazama usoni, anataka kusikia siku ya karibu, nawe hutaki aondoke aende kwa mwingine. Basi unasema Ijumaa. Hujafungua daftari, hujamuuliza fundi wako ana kazi ngapi mkononi, hujui kama malighafi iliyobaki inatosha. Ijumaa imetoka tu kwa sababu inapendeza masikioni.

Nimekaa karibu na wafanyabiashara wadogo kwa muda mrefu: wa kushona, wa kuchapisha, wa samani, wa programu za kompyuta. Wengi wao nawashikia vitabu vya hesabu, kwa hiyo nayaona ya ndani. Tukizungumzia uwajibikaji, karibu wote huanzia mwisho: nani alichelewesha, nani alisahau, nani alipe hasara. Kwa maoni yangu tunaanzia pasipofaa. Kazi nyingi zinazoharibika ziliharibikia mdomoni mwa mwenye biashara, siku ile alipozikubali, hata kabla fundi hajazigusa. Na mtu huyo si mvivu wala mwongo. Mpitie saa nne usiku utamkuta bado ameinama kazini. Amekubali tu zaidi ya uwezo alio nao, na sasa anakimbizana na tarehe alizozitaja mwenyewe bila kuzipima.

Udhaifu huu hauko kwa wafanyabiashara peke yao. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu anapokadiria muda wa kazi huitazama kazi yenyewe, hatua hii kisha ile, akasahau kuuliza kazi kama hiyo ilichukua muda gani safari zilizopita. Miaka 15 baadaye mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao: mtamaliza lini? Kwa wastani walijibu siku 34. Wakaulizwa tena: na kila kitu kikienda vibaya, je? Wakasema siku 49 hivi. Walipomaliza kweli, wastani ulikuwa umepita siku 55.

Mimi hukwama kwenye ile namba ya katikati. Watu waliombwa waziwazi wafikirie mabaya, wakayafikiria, na bado hesabu yao ikawa fupi. Ndiyo maana siuamini sana ule ushauri tunaopeana wa kuongeza siku mbili tatu za akiba. Akiba hiyo inatoka kwenye kichwa kile kile kilichokosea mwanzo. Kinachosaidia ni kuacha kuitazama kazi iliyo mbele na kugeuka kutazama zilizopita, na hilo haliwezekani kama zilizopita hazikuandikwa popote.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisoma kama onyo la fedha na bidhaa. Mimi ningeifikisha hadi kwenye tarehe. Chukua daftari la kawaida, piga safu mbili: siku niliyomwambia mteja, na siku niliyomkabidhi. Basi. Hakuna haja ya programu wala semina. Baada ya miezi michache ukurasa utaanza kukusema. Fundi samani mmoja ninayemfahamu alipoanza kuandika hivyo alikuta kwamba kazi za kukata na kuunganisha mbao zilikuwa zikiisha kwa wakati karibu kila mara. Zilizochelewa zilikuwa zile za kupakwa rangi, kwa sababu rangi hukauka kwa wakati wake, mteja awe na haraka au asiwe nayo. Watu walikuwa wamemwita mzembe, naye alikuwa ameanza kukubali. Kumbe alikuwa akitumia kipimo kimoja kwa kazi mbili zisizofanana. Siku hizi mwenye kazi ya rangi anapewa tarehe ya mbali zaidi, na wapo wanaokunja uso wakaenda kwingine. Hilo nalo ni sehemu ya bei, na anailipa siku ya kwanza badala ya siku ya mwisho.

Kuhusu daftari, kuna mtu wa zamani ninayependa kumtaja. Mwaka 1494 Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hisabati, alichapisha huko Venice maelezo ya jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu zao. Wahasibu humkumbuka kwa mfumo wa kuandika kila muamala mara mbili. Mimi kinachonivutia ni daftari la kwanza kati ya matatu aliyoyaeleza, lile la kumbukumbu. Humo kila jambo liliandikwa papo hapo lilipotokea, kwa lugha ya kawaida, na si na tajiri peke yake, bali na yeyote katika nyumba yake aliyejua kuandika. Kulipanga kihasibu kulifuata baadaye, katika yale madaftari mengine mawili, jarida na leja.

Linganisha na hali yetu. Oda ya kwanza imo kwenye meseji, ya pili ilisemwa kwa simu wakati bosi yuko kwenye gari, ya tatu imo ndani ya meseji ya sauti ya dakika nne ambayo hakuna atakayeisikiliza tena. Ya nne aliambiwa kijana wa kazi, akaitikia vizuri tu, akaenda zake kula. Ahadi zote nne zimetolewa kwa jina la biashara, na hakuna hata mahali pamoja zinapokutana. Halafu tunashangaa kwa nini moja imesahaulika, ilhali ajabu ni kwamba tatu zilikumbukwa.

Sasa fedha. Malipo ya awali, au advansi kama wengi wanavyoyaita, ndiyo yanayofunua tabia ya mwenye biashara kuliko kitu kingine chochote ninachokiona vitabuni. Mhasibu anayejua kazi yake huyaandika upande wa madeni, wala hayahesabu kuwa mapato mpaka kazi ikabidhiwe. Wafanyabiashara wengi hunibishia hapo. Fedha iko mkononi, wanasema, inakuwaje deni? Lakini fikiri inavyokwenda kwa kawaida. Advansi ya mteja wa leo inanunua malighafi ya mteja wa mwezi uliopita, kwa sababu advansi ya yule ilishalipa kodi ya chumba. Kesho atahitajika mteja mpya ili kazi ya leo ianze. Kwa hiyo mwenye biashara hawezi tena kukataa oda, hata ile anayojua hataiweza, maana anachokihitaji hasa ni advansi yake. Hapo tarehe zote zinazotajwa ni za kubahatisha, na hakuna nidhamu ya kuamka mapema itakayoziokoa. Siku wateja wapya wakipungua, anayeumia ni aliyelipa mwisho, ambaye hakuwa na habari kwamba alikuwa akiikopesha biashara bila riba.

Dawa yake ni chungu na haina ujanja. Tenga fedha za kila mteja zisichanganyike na nyingine, hata kama ni kwenye bahasha yenye jina lake, na zinunue malighafi ya kazi yake kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona huwezi, basi hukuwa na nafasi ya oda ile.

Biashara ikishafikia watu watatu, linazaliwa tatizo jingine ambalo mtu aliyekuwa peke yake hakulijua. Asubuhi bosi anasema, jamani, yule mama wa jana apigiwe simu. Nani ampigie? Kila mmoja amesikia, na kila mmoja anajua mwenzake naye amesikia. Jioni mama hajapigiwa. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambalo washiriki, kila mmoja katika chumba chake, walisikia kupitia vifaa vya masikioni sauti ya mtu aliyeonekana kushikwa na kifafa. Kati ya walioamini kwamba ni wao peke yao waliosikia, asilimia 85 walitoka kutoa taarifa kabla sauti ile haijakoma. Kati ya walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, walitoka asilimia 31. Na waliobaki hawakuwa na roho mbaya. Wengi walikutwa wakitetemeka kwa wasiwasi. Kama mtu anayeshikwa na kifafa anaweza kukosa wa kumkimbilia kwa sababu hiyo, simu ya mteja itapona wapi?

Kila jambo liwe na jina moja. Nasisitiza moja, kwa sababu nimeona bosi akijidhania mwangalifu kwa kuwapa watu wawili ili mmoja akisahau mwingine akumbuke. Matokeo yake wote wawili husahau kwa amani. Na jina peke yake halitoshi. Kijana anayetumwa kumfuatilia mletaji wa malighafi, lakini hana ruhusa ya kusema basi, tunanunua kwingine, hakupewa jukumu. Amepewa lawama mapema. Wenye biashara ndogo tunapenda kulalamika kwamba vijana hawajitumi, huku kila uamuzi wa maana tukiwa tumeufungia mfukoni.

Kuna mbinu moja ndogo ambayo nimeona inafanya kazi kuliko hotuba za kuhamasishana. Wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, katika utafiti uliochapishwa 1997, waliwataka wanafunzi waandike ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Nusu yao walitakiwa pia kutaja mapema ni lini hasa na mahali gani wataiandika. Hao waliotaja, karibu robo tatu waliandika. Wasiotaja, theluthi moja hivi. Kwa hiyo badala ya kusema nitafuatilia ile ankara wiki hii, mtu aseme Jumanne nikishafungua duka, kabla sijawasha mashine, nampigia. Inaonekana ni jambo dogo mno kuwa na maana, na nadhani ndiyo sababu wengi hawalifanyi.

Niseme kidogo kuhusu sheria, kwa sababu kuna wanaodhani kusajili kampuni kunawapunguzia mzigo huu. Sheria nyingi za kampuni huifanya kampuni kuwa mtu wa peke yake kisheria, tofauti na mwenye kampuni. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Aron Salomon, fundi viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Kampuni ilipofilisika, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua mwaka 1896 kwamba madeni yalikuwa ya kampuni, hayakuwa yake. Ukuta huo ni halali na una kazi yake. Ila mteja wa biashara ya watu wanne hauoni. Yeye alizungumza na wewe, na jina analolitaja akiwasimulia wenzake ni lako. Hata mabenki yanajua hivyo: mara nyingi kabla ya kuikopesha kampuni ndogo humtaka mwenyewe aweke dhamana yake binafsi.

Sasa lile gumu. Zipo siku mambo yataharibika na kosa si lako. Mashine itakufa, mletaji atakuangusha, fundi ataugua. Hapa watu huchanganya kosa na wajibu. Kosa laweza kuwa la mletaji kabisa, lakini kumwambia mteja ni juu yako, na hakuna wa kukupokea mzigo huo.

Ninachokiona mara kwa mara ni hiki. Mwenye biashara anajua tangu Jumanne kwamba Ijumaa haiwezekani. Jumatano anakaa kimya akitumaini muujiza. Alhamisi anaanza kukwepa simu. Ijumaa mteja anakuja mwenyewe, na ndipo maelezo yanapoanza: marefu, ya kweli yote, na hayasikilizwi. Maneno yale yale yangesemwa Jumanne yangepokelewa kama taarifa. Zile siku tatu za ukimya zilikuwa mali ya mteja. Angeweza kutafuta fundi mwingine, kusogeza shughuli yake, au kukubali kupokea nusu ya kazi kwanza. Amenyang'anywa uchaguzi huo na mtu aliyekuwa anaogopa mazungumzo ya dakika mbili.

Meseji yenyewe haina haja ya kuwa ndefu. Habari za leo dada. Samahani, kazi yako haitakuwa tayari Ijumaa, malighafi imechelewa kufika. Nitakukabidhi Jumatano ijayo. Kama siku hiyo haikufai, nitakurudishia fedha yako yote leo. Imetosha. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hasimami kueleza upepo ulitoka upande gani. Jambo la kuangalia sana ni ile tarehe ya pili. Aibu hukusukuma uitaje ya karibu, ili kumpoza, na hiyo ndiyo inayomaliza biashara. Kuchelewa mara moja watu husamehe. Tarehe ya pili iwe mbali kuliko unavyotamani kuitaja, na ukiikaribia, ishikilie kuliko zote zilizo daftarini.

Na tafadhali, usimlete kijana mbele ya mteja. Ni huyu hapa, nilimwambia akasahau. Mteja hakumpa kijana kazi, hamjui, wala hana la kumfanya. Anachokiona ni mtu mzima akijificha nyuma ya mtoto. Yamalizeni ndani, mlango ukishafungwa.

Upande huu nao una mpaka, nisije nikaeleweka kwamba mwenye biashara abebe kila kitu. Mteja anayebadilisha vipimo baada ya kazi kukatwa amebadilisha na tarehe, pengine na bei, na aambiwe pale pale, kwa upole, na iandikwe. Wengi hukubali mabadiliko huku wakitabasamu, wakabaki na tarehe ya zamani na hasira moyoni. Hasira hiyo hutokea baadaye kwenye ubora wa kazi. Mteja hajui hata alikosea wapi.

Halafu kuna ufuatiliaji ambao wengi hawauhesabu kuwa ufuatiliaji: kudai. Nawajua watu wanaokesha ili wamalize kazi ya mteja, kisha wanaona haya kumtumia ankara. Wanangoja akumbuke. Wanasema ni mtu mzuri, atalipa tu. Ni kweli ni mtu mzuri, ila ana wadai wengine, na wale wanapiga simu. Mdaiwa husoma haraka: anayefuatilia hulipwa kwanza, anayeona haya hulipwa ikibaki. Biashara inaweza kuonyesha faida nzuri vitabuni huku mwisho wa mwezi mishahara haitoki, kwa sababu faida yote iko mifukoni mwa watu wengine. Na hapo aibu yako mbele ya mteja inalipiwa na fundi wako, ambaye amekwisha maliza sehemu yake ya makubaliano.

Biashara haigombi, na kudai si ugomvi. Ankara iende siku ile ile ya kukabidhi kazi, iwe na tarehe ya mwisho ya kulipa. Tarehe ikipita, kesho yake meseji fupi ya heshima. Wiki ikipita, simu. Ukifanya hivyo kwa kila mtu bila kuchagua, hakuna atakayejiona amelengwa. Kinacholeta ugomvi ni kunyamaza miezi minne, ukakusanya uchungu, kisha ukalipuka siku unayodaiwa kodi.

Wengine hupoteza uangalifu mambo yakiwa mazuri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Oda zinaongezeka baada ya sifa kusambaa, zile safu mbili za daftari zinaachwa kwa sababu hakuna muda, tarehe zinaanza tena kutolewa kwa kupendeza. Ninayaona haya vitabuni kabla mwenyewe hajayasikia kwa wateja: marejesho ya fedha yanaongezeka kidogo kidogo, malighafi inanunuliwa kwa haraka na kwa bei ya juu, malipo ya kazi za usiku yanapanda. Ukimwonyesha anasema ni dalili za kukua. Mara nyingine ni kweli. Kuijua tofauti, rudi kwenye daftari, kama bado lipo.

Limebaki moja ambalo kila mtu hulikwepa, kazi za ndugu na marafiki. Huja bila tarehe, bila bei, kwa sauti ya wewe fanya tu ukipata nafasi. Nafasi haipatikani, miezi inapita, na siku moja unasikia kupitia kwa shangazi kwamba wewe mtu wa biashara umekuwa mgumu. Hizi ndizo ninazowashauri waziandike kwa makini zaidi ya zote, katika daftari lile lile, baina ya wateja wa kawaida. Ukitaka kumfanyia nduguyo bure, andika bure kwenye safu ya bei, na mwambie hivyo ili asibaki akikisia. Kwenye safu ya tarehe andika siku, kisha mpigie umtajie siku hiyo.